Bomba Lililozungushiwa Nondo

Ndugu zangu, nawasimulia habari za fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, mwanamke asiyemung'unya maneno. Dada yake wa tumbo moja alikuwa ameolewa, akahamia dini ya mumewe. Kila asubuhi walikutana kwenye bomba pekee la mtaa, wakataniana mpaka ndoo zikafurika.

Uchaguzi ulipokaribia, mwenyekiti wa mtaa aliona kiti kinamponyoka. Akawanong'oneza waumini wa dini ya fundi kwamba wale wa dini ya pili wanataka kulitwaa bomba. Akaenda upande wa pili, akasema hayo hayo. Mnaniuliza dini zipi? Sisemi, maana najua mtaanza kunyoosheana vidole.

Kisha akamwendea fundi.

"Lizungushie bomba nondo, uweke na mlango. Ufunguo watakaa nao watu wenu. Serikali inawalinda."

"Na dada yangu je?"

"Dada yako alishachagua upande wake."

Maneno hayo yalimchoma fundi, lakini aliogopa kuitwa msaliti. Akaichukua kazi, na ufunguo ukakaa kwa watu wa dini yake.

Haukupita muda, foleni ikageuka ngumi na mawe. Dada mtu alisukumwa, akaangukia ukingo wa saruji, mkono ukavunjika. Fundi alipomfuata hospitalini, mgonjwa aligeukia ukutani.

"Mlango ule umeuchomelea wewe," alisema. "Kazi yako naijua."

Fundi alilia njia nzima. Alipofika karakana alifuta machozi, akabeba mashine ya kukatia vyuma, akaenda kukata nondo mchana kweupe, watu wakitazama. Mwenyekiti akaja mbio na askari.

"Hiyo ni mali ya serikali, mama," askari alisema.

"Maji ndiyo ya serikali. Nondo hizi ni aibu yangu, naziondoa." Akawageukia watu. "Nani aliwaambia kwamba wenzenu wanataka kulitwaa bomba?"

Pande zote mbili zikamtaja mtu mmoja. Askari akamtazama mwenyekiti, asimguse fundi.

Leo bomba liko wazi. Dada mtu bado anateka maji pale, ila kwa mkono mmoja, na fundi akitaka kumsaidia, huambiwa, "Acha, nitabeba mwenyewe."

FUNZO

Jamani, pale dini hazikugombana. Mtu mwenye uchu wa madaraka aliwagombanisha waumini, na waoga wakamfanyia kazi. Akija kwenu, muulizeni mbele ya jirani yenu wa dini nyingine anachokitaka. Kataeni siku hiyo hiyo. Nondo hukatwa, lakini mkono wa ndugu yako ukishavunjika, huenda usinyooke tena.