Kiuno cha Mama Mkwe

Asubuhi hiyo Fundi alikuwa kwenye cherehani, mkewe akikata nyuzi, kila mmoja na chai yake. Mara mlango ukasukumwa. Mama mkwe huyo, na gauni mkononi.

"Shikamoo, mama," Fundi akasema.

"Marahaba. Ndani ya gauni hili ulilonishonea tunaingia wawili, mimi na mwenzangu nisiyemjua. Jumamosi naagwa kazini. Likikosewa tena, nakwenda kwa fundi wa ng'ambo ya barabara."

Fundi akasimamisha cherehani, akiwaza. Mkwe wako akishonewa kwa fundi mwingine, mteja gani atakuja kwako?

"Si ulisema umeandika vipimo vyake?" mkewe akamuuliza.

"Nimeandika, ingawa mimi vipimo viko kichwani."

Kweli aliandika. Kwenye kompyuta yake kila mteja alijaziwa fomu ya jedwali. Tatizo, mteja akirudi, Fundi alijaza fomu nyingine. Muuza maua alikuwa na fomu nne na viuno vinne, maskini, na mwili wenyewe mmoja!

Jirani yao alikuwa ameingia nyuma ya mama mkwe, amekuja kupunguziwa sketi. Alikuwa akitunza kumbukumbu za hospitali, mtaa mzima ukimwita Dada Mafaili.

"Hamishia fomu zako kwenye hifadhidata," akasema. "Ni kama kabati moja ndani ya kompyuta. Kila mteja ana droo moja yenye namba yake. Akirudi, unafungua ileile."

"Basi tuzimwage zote humo, tumalize!"

"Haraka haraka haina baraka, Fundi. Kwanza tunakili fomu zote, tuweke pembeni. Tukiharibu, za zamani zipo. Halafu tujaribu na chache."

Akaandaa hifadhidata, akaiagiza sehemu ya kiuno ipokee tarakimu tu. Fomu ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Ya tatu ikakataliwa.

"Hebu tuone," Dada Mafaili akasema, akasoma kwa sauti kabla Fundi hajamzuia. "Mteja, Mama mkwe. Kiuno, kama tangi la maji la shule, punguza kidogo."

Cherehani yenyewe iliona haya.

"Mama, shikamoo," Fundi akasema.

"Shikamoo umeshanipa. Nipe maelezo."

"Nilishindwa kukupima, mama. Nikuzungushie tepu kiunoni, mkwe wangu? Nilikadiria nikiwa mlangoni."

Mama mkwe akamkazia macho. "Angalau ulipunguza kidogo," akasema, kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza.

Mkewe alichukua tepu, akampima mama yake vizuri, na tarakimu zikaingia bila ubishi. Fomu nne za muuza maua zikawa droo moja, wakabakiza vipimo vya karibuni. Palipokosekana kipimo Fundi alitaka kubuni.

"Usibuni, mpigie simu mwenyewe," Dada Mafaili akamkanya.

Mwishowe walilinganisha droo na fomu za zamani, wasije wakamwacha mtu nje. Ndipo Fundi akalifumua gauni na kulishona upya.

Jumamosi jioni mama mkwe alitokea dukani moja kwa moja kutoka kwenye sherehe, gauni limemkaa sawasawa. Akazunguka mara mbili ili mtaa mzima uone, fundi wa ng'ambo akiwemo.

"Mimi ni namba ngapi humo?" akauliza.

"Moja, mama. Baada ya majaribio tulianza na wewe."

"Namba si cheo," Dada Mafaili akaeleza. "Ni ya kukutambulisha tu."

"Wewe iite utakavyo. Mimi ni namba moja."

Wote wakacheka, isipokuwa mke wa Fundi. Alikuwa ameinamia kompyuta, akitafuta.

"Mume wangu, mbona mimi simo?"

"Wewe tena! Vipimo vyako viko kichwani."

Mkewe akamtupia tepu.

"Kichwani ndimo lilimotoka tangi la maji. Njoo unipime, uandike."