Mkwe Kwenye Matete ya Momba

Mlingoti ulivunjika kwa kishindo, tanga likawaangukia, na ghafla Gwantwa hakuona mto wala mumewe. Alisikia maji tu, yakinguruma chini ya mbao.

"Kata kamba!" Aliko alipiga kelele upande wa pili. "Kata, tunazama!"

Alilipapasa panga, akakata. Turubai lile, lililowahi kufunika shehena za malori ya Tunduma kabla hawajalishona kuwa tanga, likaburutwa na mkondo. Mashua ikagonga gogo, ikazunguka kama pia, ikajichomeka kwenye matete.

Ulikuwa mwaka wa mvua za El Niño. Momba ulikuwa umemeza shamba lao la mpunga kule Kamsamba, nao wakaamua kuufuata mto huohuo hadi unapoingia Ziwa Rukwa, kwa baba yake Aliko, Mzee Zebedayo, aliyekuwa na kambi ya uvuvi. Walimtumia salamu kwamba wanakuja. Sasa walikuwa karibu kufika, na Aliko alikuwa amelala chali, kipande cha mlingoti kimezama pajani mwake.

"Usikichomoe," alisema, meno yakigongana. "Funga juu yake. Kaza."

Gwantwa alifunga kitenge, akapitisha kijiti, akakinyonga mpaka mumewe akatoa mlio. Damu ilipungua. Haikukoma.

"Unanikaza kama gunia la mpunga, mke wangu."

"Nyamaza. Gunia halisemi."

Maji yalikuwa yanapenya kati ya mbao. Alichota kwa sufuria, akamwaga, akachota, akamwaga. Yalikuwa mekundu. Ndipo alipoona, hatua chache kutoka ubavuni, macho mawili yametulia juu ya maji. Mamba. Mkono wake ukaganda na sufuria hewani. Akimwaga, anamwita kwa damu. Asipomwaga, mashua itazama. Akaanza kumwaga juu ya matete yaliyolala, polepole, huku akilipiga panga kwenye mbao. Macho yale yakazama. Hakujua yameelekea wapi.

"Aliko?"

Kifua kilipanda na kushuka, lakini kope hazikuinuka.

Jua lilikuwa kali alipousikia upondo ukichoma tope. Mtumbwi ulitokea kwenye mfereji wa jirani, na juu yake amesimama mzee mwembamba, akitafuta nyavu zilizochukuliwa na mafuriko. Alikuwa Zebedayo.

Na Gwantwa akajificha.

Mwili ulitangulia akili. Kwao, kule milima ya Ileje, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe, wala halitamki jina lake. Tangu aolewe, alimfahamu mzee yule kwa mgongo tu. Alijikunyata, akajifunika kichwa kwa khanga, na alipozinduka alikuwa amechelewa. Mzee alikuwa ameona kichwa cha mwanamke kikizama nyuma ya matete, akamtambua kwa adabu yake. Mashua iliyovunjika hakuiona. Akageuza uso upande wa pili, kama mtu mwenye heshima zake.

"Pumzikeni, wanangu!" aliita, akiwapa mgongo. "Nawatangulia kuchemsha maji!"

Upondo ukazama. Mtumbwi ukaanza kwenda.

"Jamani!" Gwantwa aliita.

Mzee akainua mkono kupokea salamu, bila kugeuka.

Heshima ilikuwa inamwacha mume wake afe. Gwantwa alisimama, akautupa mtandio wa khanga, na jina likatoka kooni kama mwiba.

"Zebedayo! Zebedayo, geuka! Mwanao anakufa!"

Upondo ulisimama. Mzee aligeuka, akamtazama usoni.

Kisha akaurudisha mtumbwi hadi kwenye mashua. Walimhamisha Aliko, mzee akishika mabega, Gwantwa miguu, mamba akiwa hajulikani yuko wapi.

"Mikono yako isitoke kwenye jeraha," mzee alisema, akisukuma mtumbwi kwa nguvu zake zote.

"Haitoki, baba."

"Anapumua?"

"Anapumua. Usisimame."

Gwantwa alimtazama kwa kuwa hakukuwa na pengine pa kutazama. Hakuwahi kujua kwamba baba mkwe wake ana mwanya. Wala kwamba analia bila kujifuta.

Kambini, tabibu aliyeletwa kwa boti ya injini alichomoa kile kipande cha mlingoti na kushona. Alisema mguu utabaki na kilema, mtu atabaki mzima. Bi Teresia, mama yake Aliko, alishukuru Mungu, kisha akamgeukia mkwewe.

"Nasikia umemtaja mzee kwa jina lake. Mtoni, mchana kweupe!"

"Amenitaja, mama Aliko," mzee akadakia. "Ndiyo maana leo hatuchongi jeneza."

Kesho yake asubuhi mzee alikuja na bakuli la uji. Akasimama nje ya kibanda, akakohoa, akasubiri mkwewe apate nafasi ya kutokea nyuma, kama ilivyo desturi.

Gwantwa aliinuka nusu. Kisha akaketi tena, kando ya mumewe.

"Ingia, baba," alisema. "Anakuulizia."