Majibu Kumi na Mawili ya Uongo

Saa kumi na moja na dakika ishirini jioni nilitoka nyumbani kwenda kununua balbu ya jikoni. Ya zamani ilikuwa imeungua mchana, na mke wangu hapendi kukata vitunguu gizani. Kutoka mlangoni kwetu hadi dukani ni hatua mia nne na kumi. Nimezihesabu mara nyingi tangu nistaafu, kwa kuwa mtu aliyefanya kazi ya takwimu miaka thelathini na minne haachi kuhesabu kwa sababu tu amekabidhi funguo za ofisi. Niliinunua balbu, nikaitia mfukoni, lakini sikurudi moja kwa moja. Nilipita kibandani kwa Fundi Saa. Nilikuwa na karatasi ya kumwonyesha.

Karatasi ile ilihusu mchezo wetu, na ni lazima niueleze kwanza.

Mchezo huchezwa kwenye simu, kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni. Picha moja hufichwa nyuma ya miraba thelathini na sita. Kila baada ya sekunde kumi mraba mmoja hufunguka kwa mlio mdogo, tik, na chini ya picha pana swali: Hiki ni nini? Anayepatia wa kwanza hupewa alama sawa na miraba iliyobaki. Kila mchezaji ana majibu matatu tu, na kila kosa humpunguzia alama mbili. Wote wakiyamaliza majibu yao bila kupatia, picha hufungwa na haionekani tena popote. Wakinyamaza, hata jibu moja likabaki, picha hupelekwa chumba kingine ili wachezaji wengine wajaribu.

Chumba chetu kilikuwa na viti vitano. Cha kwanza kilikuwa changu. Wenzangu waliniita Mzee Desimali. Cha pili kilikuwa cha Fundi Saa, rafiki yangu wa miaka ishirini, ambaye hula mezani kwangu kila Jumapili. Cha tatu kilikuwa cha mpwa wake, Nesi, aliyecheza akisubiri zamu yake ianze. Cha nne kilikuwa cha Kinyozi, mtu wa mji mwingine ambaye hatujawahi kumwona kwa macho, ila matani yake tuliyazoea kama mlio wa mlango wetu wenyewe. Mimi alinishauri nijibu upesi zaidi, kwa maelezo kwamba umri wangu hauruhusu kusubiri mraba wa thelathini. Kiti cha tano kilikuwa kitupu miaka miwili.

Siku kumi na moja kabla ya jioni ile, kilipata mtu.

Hakuwa na jina wala picha. Hakujibu swali hata moja; kiti chake hakikuwa na majibu ya kuhesabiwa. Alama zake zilibaki sifuri. Ila kila mmoja wetu alipopatia, yeye aliandika neno moja.

Asante.

Tukamwita Mgeni. Kinyozi alisema kwamba jamaa anashukuru kama mtu anayepokea mzigo mlangoni, tukacheka sote. Picha ya siku ile ya kwanza ilikuwa birika la bluu lenye mfuniko uliopasuka, na Fundi alilitambua kwa miraba sita. Asante. Kesho yake Nesi alituuliza ni nani aliyepata kuliona birika lake, kwa sababu lilikuwa limetoweka jikoni likiwa na maji ndani. Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kiti cha kunyolea. Asubuhi Kinyozi alifungua duka akakuta boliti nne zimekaza sakafuni kama zilivyokuwa, na kiti hakipo. Siku ya tisa ilikuwa mbwa wake. Mnyororo ulibaki uani, na ule mkanda wa shingoni ulikuwa ungali umefungwa... umebana hewa tupu. Kinyozi hakutania mtu kwa siku mbili.

Basi nilimwekea Fundi karatasi juu ya meza, katikati ya saa zilizofunguliwa matumbo. Nikamweleza kwamba tulikuwa na picha kumi na moja. Tisa tulizipatia, na vitu vyote tisa vimetoweka. Mbili tulizikosa hadi majibu yakaisha: mwavuli wa Nesi na stuli yake yeye Fundi. Vyote viwili vipo, na stuli alikuwa ameikalia wakati nikizungumza. Njia za kuchagua siku mbili kati ya kumi na moja ni hamsini na tano. Bahati ingeweza kupanga mambo hivyo mara moja tu kati ya hamsini na tano.

Fundi hakuitoa hata ile lenzi jichoni. Alisema kwamba moja kati ya hamsini na tano si muujiza; muujiza ni mteja anayekuja kuchukua saa yake siku aliyoahidi. Nikamwomba jioni ile tujibu uongo wote wanne, hadi majibu yaishe. Hapo akaitoa lenzi.

"Nishindwe kwa makusudi, Mzee Desimali? Leo?"

Nilimwelewa. Ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi, na mshindi wa mwezi huwekewa kikombe cha dhahabu kando ya jina lake, kila mtu akione. Fundi hajawahi kukipata. Kinyozi alikuwa amemtangulia kwa alama tano tu, na kwa siku nyingi alikuwa akimtumia picha za vikombe vya chai, ajifariji navyo. Nilimwacha Fundi bila ahadi yoyote. Nesi na Kinyozi niliwapigia simu nikiwa njiani. Walikubali kabla sijafika kwenye sehemu ya hesabu.

Nilifika nyumbani saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita. Mke wangu alikuwa jikoni na mshumaa, akaniambia niweke balbu kwanza. Nikamwomba dakika sita za mchezo. Akasema kwamba dakika zangu anazijua. Nikaketi kwenye kiti changu cha sebuleni, kilicho karibu na ukuta. Kati ya mgongo wa kiti kile na ukuta pana sentimita thelathini.

Jikoni kisu kiligonga ubao. Sebuleni simu ikalia.

Tik.

Mraba wa kwanza: sufu ya kijivu. Wa pili: kifungo cheupe kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Kifungo hicho nilikishona mimi mwenyewe kwenye sweta ya mke wangu, tena vibaya. Nikateremsha macho chini ya picha. Swali lilikuwa limebadilika.

Huyu ni nani?

Nilihisi harufu kabla sijamaliza kulisoma... harufu ya kisima kilichofunuliwa baada ya miaka mingi. Udongo uliolowa. Baridi.

Kwenye kundi letu la ujumbe, nje ya mchezo, niliandika maneno machache kwa uangalifu mkubwa: Mnamfahamu. Msimtaje. Msinyamaze pia. Mke wangu alifundisha watoto wa chekechea miaka thelathini na mmoja, kwa wastani watoto thelathini kila mwaka. Hao ni watu mia tisa na thelathini waliotawanyika kila mahali, kila mmoja na simu mkononi, na kila mmoja angeliitambua sura ile kwa furaha na kulitaja jina lake bila kufikiri. Picha ile haikupaswa kutoka chumbani mwetu. Tulihitaji majibu kumi na mawili ya uongo, na tulikuwa na dakika tano na nusu.

Nikaanza mimi. Gunia la mkaa. Kosa. Ngazi. Kosa. Kabati la vyombo. Kosa.

Nesi akafuata: kitanda namba tisa, bomba la sindano, na mjomba wake akiwa amenyoa ndevu. Makosa matatu. Kisha Kinyozi, ambaye alikuwa na kikombe mkononi na angeweza kukaa kimya akakilinda, akaandika tikiti maji. Halafu tikiti maji lenye miwani. Halafu tikiti maji lililostaafu likahamia kwenye takwimu. Makosa yake matatu yalimshusha alama sita.

Tik. Mraba wa ishirini na mbili. Yalibaki majibu matatu, yote ya Fundi.

Na hapo nikapiga hesabu. Kinyozi alikuwa amemtangulia Fundi kwa alama tano, na sasa ameshuka sita. Fundi hakuhitaji kumtaja mtu. Hakuhitaji kufanya ubaya wowote. Akinyamaza tu, kikombe kilikuwa chake kwa alama moja.

Ujumbe wangu hakuwa ameusoma. Nilimpigia simu, ikaita hadi ikakatika.

Mgeni akaandika. Kwa mara ya kwanza, halikuwa neno lile moja.

Fundi. Nyamaza tu. Kikombe ni chako.

Jikoni kisu kilinyamaza.

Tik. Miraba ya juu ilionyesha fremu ya mlango wetu wa jikoni na mwanga wa mshumaa. Tik. Kidevu chake. Picha haikuwa ya zamani. Katika picha alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi; nikainua macho, na kweli alikuwa amesimama mlangoni na kisu cha vitunguu mkononi. Tik. Mstari wa chini ulianza kufunguka, na katika mstari ule kulikuwa na kitu cha mviringo, cheusi kandoni na kinachong'aa katikati. Nilichukua muda kukitambua, kwa sababu mtu haoni upara wake mwenyewe kwa nyuma.

Picha ilikuwa inapigwa kutoka mgongoni kwangu.

Sentimita thelathini.

"Mume wangu..." alinong'ona. "Usigeuke."

Sikugeuka. Nilimuuliza, bila kutikisa kichwa, kuna nini.

"Ameinua viganja. Kama anayepokea."

Kitu cha baridi kilidondoka shingoni mwangu, tone moja, kikateremka ndani ya kola. Miraba thelathini na mitatu. Mke wangu alikuwa ameanza kufifia kandokando, kama moshi wa mshumaa unavyoanza kuachana. Lakini hakurudi nyuma. Alisogea hatua moja mbele, akakiweka kisu mezani, na akatumia sauti ile ya chini aliyokuwa akiwatulizia watoto darasani, sauti ambayo sijawahi kuona mtu wa umri wowote akiipinga.

"Wewe hapo. Ondoa mikono yako. Hapana chako hapa."

Tik. Thelathini na nne.

Fundi akajibu: stuli. Kosa.

Tik. Fundi akajibu: saa mbovu. Kosa. Likabaki moja, na mraba mmoja.

Mgeni akaandika tena. Unamjua. Umekula chakula chake.

Tik. Mraba wa thelathini na sita. Uso wote wa mke wangu ulikuwa kwenye kioo cha simu, wazi kabisa. Nilihesabu sekunde kumi za mwisho kwa kurudi nyuma. Tatu... mbili...

Jibu la Fundi likaingia: Simjui. Sijawahi kumwona. Na wewe sikujui, na kikombe chako sikitaki.

Kosa. Picha imefungwa.

Harufu ilikatika kama iliyokatwa kwa mkasi. Mke wangu alikuwa mlangoni, mzima, kandokando zake zote zipo. Ndipo nilipogeuka. Palikuwa na ukuta tu, wenye unyevu kwa kimo cha mtu, na unyevu ule haujakauka hadi leo.

Hatukukihama chumba. Kinyozi ndiye aliyeuliza, siku iliyofuata, kwamba tukiondoka nani atakaa kwenye viti vyetu, na jibu lilikuwa rahisi: watu wanaopenda kushinda. Kwa hiyo tumebaki. Leo ni jioni ya mia moja na tatu. Kila siku swali ni lile la pili, na kila siku tunakosa kwa makusudi, majibu yote. Mama yake Nesi tumemwita jiko. Mtoto wa Kinyozi tumemwita begi la shule. Alama zetu ziko chini ya sifuri kwa kiwango ambacho sidhani chumba kingine kimekifikia, na Kinyozi hutangaza kila mwisho wa mwezi nani mshindi wa ujinga. Hakuna aliyetoweka. Mgeni hajapata nafasi ya kushukuru.

Lakini nina wajibu wa kuandika na upande wa pili wa karatasi.

Jumapili iliyopita Fundi alikula nasi kama kawaida. Mke wangu alipoingia jikoni, aliniinamia akaniuliza kwa adabu yule mama ni nani. Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Nesi amempita mama yake sokoni bila kumsalimu. Inaelekea kwamba kila unayemkana huanza kukutoka akilini taratibu, na mimi nimemkana mke wangu mara tatu. Asubuhi nyingine nikiamka huchukua muda kabla sijakumbuka ni nani aliyelala kando yangu. Mwezi uliopita ilikuwa sekunde moja. Mwezi huu ni mbili.

Jana chumba kiliongezewa kiti cha sita, kitupu, kinachoweza kujazwa na yeyote. Sikulala. Asubuhi mke wangu alichukua simu yake akakikalia yeye, bila kuniuliza. Nilimwonya. Nilimwonyesha pande zote mbili za karatasi. Alisema amezielewa, na kwamba yeye si mwanafunzi wangu.

Jioni hii, mraba wa kwanza ulifungua kipande cha upara.

Aliiweka simu gotini, akanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kwa mara ya mwisho barua anayotaka kuikariri.

"Heri nikusahau umekaa hapo," alisema, "kuliko nikukumbuke hapo pakiwa patupu."

Kisha akaandika majibu yake, moja baada ya jingine, haraka: sufuria, ufagio, simjui. Wengine wakafuata. Picha ikafungwa. Hakuna aliyesema asante.

Mke wangu aliinua uso. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Macho yake yalipita usoni pangu kwa upole, kama mtu anayetafuta namba ya nyumba katika mtaa mgeni. Nne. Tano.

"Mume wangu," alisema, akatabasamu.

Nimeiandika: tano. Kesho saa kumi na mbili na nusu tutaketi tena, sote watano, na tutakosa.