Chakula cha Kapteni Muthanna

"Bwana, achia! Fungu hili nimelishika mimi."

"Umeshika majani, dada. Mashina ninayo mimi."

Soko la Devaraja, Mysuru, lilikuwa limefurika. Shambhavi, sari ya hariri ya kijani mwilini, asumini kwenye msuko, alimkazia macho rubani yule wa sare iliyonyooka kwa pasi. Mlonge wa mwisho ulikuwa katikati yao. Muuzaji akacheka, akawagawia nusu kwa nusu.

Haikupita wiki wakakutana tena. Shambhavi alikuwa mtaalamu wa lishe kwenye maabara ya chakula cha wanaanga. Rubani yule, Kapteni Muthanna, alikuwa miongoni mwa walioteuliwa kurushwa angani. Simu zikaanza.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Ila chumvi yako ya kuhesabu punje!"

"Huko juu mwili hauna uzito, mifupa inapukutika. Chumvi nyingi inaimaliza kabisa. Kula mboga unyamaze."

Ikaja siku ya kuonja. Wakubwa walionja mlonge na ugali wa wimbi wa Shambhavi, wakakunja nyuso. Mkuu wa maabara akaangua kicheko.

"Binti, hiki chakula cha wagonjwa. Tutapeleka biskuti za chumvi na vidonge."

Shambhavi akamtazama Muthanna. Muthanna akatazama viatu vyake.

Jioni akapiga simu. "Shambhavi, nisikilize..."

"Mdomo wa kunibembeleza unao, wa kunitetea huna?" Akakata, na hakupokea tena.

Muthanna akaingia kwenye jaribio la kulazwa kitandani majuma mengi, kichwa chini kidogo kuliko miguu, mwili uzoee hali ya angani. Chakula kilikuwa zile biskuti. Alipotoka, alimfuata Shambhavi getini mwa maabara, akijikongoja.

"Niliogopa wataona napigania mchumba. Sasa tazama miguu, imekuwa fito. Nimemwambia mkuu sipandi bila chakula chako."

"Akasemaje?"

"Chakula chako kinarudi. Kiti changu amepewa mwingine."

Shambhavi akawaka. "Wamekuadhibu kwa kusema kweli, nawe unacheka?"

"Nacheka kwa kuwa umenisemesha. Utakubali nikuoe?"

"Nakubali!" Machozi ya hasira yalimtiririka. "Lakini kwanza twende kwa mkuu, na leo useme mbele yangu."

Walikwenda, akasema. Kiti hakikurudi.

Siku chombo kiliporuka, mtaa mzima ulishangilia mbele ya televisheni. Shambhavi alikunja mikono.

"Piga makofi, mke wangu. Mwenzangu atakula vizuri."

"Nitapiga," akasema, "siku watakayokurusha wewe."