Ukurasa wa Tisa wa Kitabu Changu cha Dawa

Ndugu wasomaji, siku ile ningesema hapana, leo nisingekuwa na cha kuwaandikia. Lakini nilisema sawa...

Nina miaka sabini na mmoja. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikafanya kazi ya ukarani hadi nilipostaafu, nikajenga nyumba yangu Ipagala, hapa Dodoma mjini. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki. Nilibaki na mtoto mmoja tu, Nyemo, mwalimu wa shule ya msingi huko Busi, Kondoa. Kila Jumapili baada ya ibada alinipigia simu. Tangu akiwa mdogo aliamini kwamba baba yake hakosei.

Jirani yangu Sospeter, Mnyamwezi na mstaafu mwenzangu, alikuwa na tovuti ya kuuzia mitihani ya majaribio. Mteja analipa kwa simu, anapakua faili, basi. Hakuna duka, hakuna mzigo. Aliniambia nami nifungue ya kwangu, maana huhitaji kujua lugha za kompyuta. Unachagua kiolezo kilichokwisha tengenezwa, unaburuta visanduku kwa kidole, unajaza maneno yako.

Nikamjibu kwamba sina cha kuuza. Akaanza utani wake.

"Ninyi Wagogo mna taabu. Mtu ana ng'ombe mia, njaa inamuua huku anawatazama. Dada yako si ndiye anayetibu kijiji kizima kwa mizizi? Mali hiyo, mtani. Na wewe unaitazama tu."

Tulicheka sote. Kisha nikasema sawa, nitaandika kitabu cha dawa zake.

Dada yangu Mbeho anaishi Gulwe, kijiji tulichozaliwa. Dawa za ukoo alirithishwa na bibi yetu. Na kwetu, mwenye dawa hakuambii yote siku ya kwanza. Anakueleza, lakini kuna jambo moja analiacha kwa makusudi. Ukitaka kilichobaki, unarudi na kondoo, unalala kwake, unachimba naye na kuchemsha naye mpaka mikono yako ijue. Ndivyo wazee walivyojikinga na watu wa pupa.

Nililijua hilo tangu utotoni! Sitadanganya kwamba nilisahau.

Nilikwenda Gulwe na daftari. Nikakaa naye nusu siku, nikaandika dawa kumi na mbili. Nilipoinuka kuaga, alinishika mkono.

"Haya nimekupa ya kusikia, mdogo wangu. Ya kutumia utayafuata na kondoo."

"Dada, siku hizi mambo hayaendi kwa kondoo."

Hakucheka. Aliniuliza kwani haraka yangu ilikuwa ya kwenda wapi. Nikasema basi litaniacha.

Tovuti ilinichukua siku nne. Nilichagua kiolezo chenye picha ya majani mabichi. Nikaburuta jina la kitabu juu, bei chini, kitufe cha kununua katikati. Kila dawa niliipa ukurasa wake. Palipokuwa na pengo nilijaza kwa akili yangu: chemsha, chuja, kunywa kikombe asubuhi na jioni.

Kile kiolezo kilikuwa na kisanduku kimoja chenye kichwa, "Tahadhari". Nilikitazama muda mrefu, sikuwa na cha kuandika. Kubaki kwake kitupu kulichafua ukurasa... nikakifuta. Kidole kimoja tu, kikatoweka!

Watu walianza kununua. Jina la Nyemo lilikuwa miongoni mwa ya kwanza. Nilifurahi nikijua ananiunga mkono, kama binti yeyote angefanya. Je, ningejuaje kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akisumbuliwa na tumbo, na alinificha asinitie wasiwasi?

Siku moja mnunuzi nisiyemfahamu aliandika chini ya kitabu. Aliuliza kama dawa ya ukurasa wa tisa, ile ya tumbo, inatakiwa kuwa chungu hivyo na kufanya moyo uende mbio. Ningeweza kwenda Gulwe kesho yake kuuliza. Badala yake nilimjibu kwamba dawa chungu ndiyo inayoponya.

Baada ya wiki akaandika mwingine. Mama yake alikuwa anatapika tangu juzi, akaomba nimpigie. Nilisoma maneno yale mara tatu. Kulikuwa na kitufe cha kuficha maoni... nikakibonyeza. Nilijiambia kwamba yule mama bila shaka alikula kitu kingine. Wasomaji, hapo ndipo nilipoacha kuwa mtu asiyejua!

Jumapili iliyofuata simu ya Nyemo haikuja. Nikapiga mimi, haikupokelewa. Jumatatu alinipigia mkwe wangu.

"Shikamoo, baba."

Nikaitikia. Nikasikia watu wakizungumza nyuma yake.

"Nyemo ni mgonjwa sana. Ni ile dawa ya kitabu chako. Amekunywa siku tatu. Nilimkataza, akasema baba hawezi kumwandikia kitu kibaya."

Walimleta hospitali hapa mjini. Daktari alisema figo zimeacha kazi, akaniuliza amekula nini. Nilitoa simu mfukoni nikamwonyesha tovuti yangu mwenyewe. Aliusoma ukurasa wa tisa mpaka mwisho, akanirudishia simu. Siku ya nne, asubuhi, Nyemo alifariki.

Dada Mbeho alikuja msibani. Hakuwa anajua habari za kitabu, nikamweleza kila kitu mbele ya ndugu. Aliniuliza jambo moja tu: kama niliandika kwamba maji ya kwanza ya kuchemshia dawa ile yanamwagwa.

"Hukuniambia, dada."

"Sikukuambia. Nawe hukurudi."

Tangu siku hiyo hajazungumza nami.

Tovuti niliifunga jioni ya mazishi. Lakini faili likishapakuliwa, nani atalirudisha? Wiki iliyopita Sospeter alinionyesha kitabu changu kwenye kundi la simu la watu wa mkoa mwingine, kikigawiwa bure. Niliomba kuingizwa, nikaandika humo kwamba ni sumu, wakifute. Walinitoa kwenye kundi wakidhani nina wivu wa biashara. Na yule aliyeandika kuhusu mama yake, nimemtafuta sana... simu haipatikani.

Nawasihi, wenzangu, na hasa sisi wazee tuliofundishwa kuuza kwa kidole. Kama una kitu cha ukoo na hujafundishwa mpaka mwisho, usikiuze. Kama una kitabu changu, kifute leo, usimpe mtu. Na mteja akikuuliza swali usilolijua jibu, mwambie hujui!

Simlaumu Sospeter. Aliniomba niuze, hakuniomba nidanganye. Niliyekubali ni mimi, niliyefuta tahadhari ni mimi. Kwa hilo nimempoteza Nyemo, mtoto wangu wa pekee. Alikufa kwa dawa niliyomwandikia mimi baba yake.