Zamu ya Severin

Hebu fumba macho kidogo, ndugu yangu, uone kijiji kilichobanwa katikati ya milima ya Uswisi. Nyumba zake ni za mbao, zimekuwa nyeusi kwa jua la miaka mingi. Juzi tu mlima ulikuwa mtupu, mawe nje, majani makavu nje. Leo kila kitu ni cheupe. Na kimya... kimya kile ambacho mtu akikohoa ng'ambo ya bonde, unamsikia.

Umekiona? Basi kaa vizuri.

Watu wa Eggmatt walikuwa wameingoja theluji hiyo tangu baada ya Krismasi. Jua liliwaka wiki baada ya wiki, likawachosha. Waligombana kwa mambo madogo. Mwuza mkate alikuwa akiwatania wateja kwamba msimu huu atauza skii zake, zile mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji, anunue baiskeli. Kisha mawingu yakaja, theluji ikaanguka usiku kucha na mchana kutwa, na ilipokatika alasiri, hakuna kijana aliyeweza kutulia ndani.

Severin ndiye aliyekuwa wa kwanza kushindwa kutulia. Alidai kuna mkate na kahawa vya kupelekwa kwenye nyumba ya wapanda mlima kule juu, maana wageni watafika kesho. Dada yake, Fides, alimwambia kwamba mkate huo ungeweza kupanda kesho asubuhi bila kulalamika. Rahel, mchumba wake Severin, alicheka, lakini tayari alikuwa amevaa buti. Fides naye akavaa. Wote watatu walijua kwamba mkate ulikuwa kisingizio. Walitaka theluji ambayo haijaguswa na mtu.

Mama yao alimsimamisha Fides mlangoni, akamshika mkono.

"Huyo mdogo wako simwamini theluji ikiwa mpya," alisema kwa sauti ya chini. "Umeondoka naye, urudi naye."

Harusi ilikuwa baada ya Pasaka. Suti ya Severin ilikuwa imeshaning'inizwa kabatini.

Lazima uelewe hofu ya mama huyo. Theluji ya zamani ikikaa muda mrefu katika baridi kavu, huoza kwa ndani. Huwa chengachenga kama sukari. Mpya ikilala juu yake haishiki, imelala tu; ikikanyagwa, mteremko mzima huweza kuporomoka. Severin hakuwa mjinga. Pale pembeni mwa msitu alichoma fimbo yake chini, ikapita laini, laini, kisha ikazama ghafla kana kwamba chini hakuna kitu. Akatikisa kichwa. Wakakubaliana: watapanda kwa mgongo wa mlima, ndani ya miti, wala hawatagusa ule mteremko wazi unaoitwa Wyssflue.

Wakabandika zile tepe za manyoya chini ya skii, ambazo huzizuia kurudi nyuma, wakaanza kupanda mmoja nyuma ya mwenzake.

Shaaa... shaaa... shaaa...

Katika theluji nzito, wa mbele ndiye mwenye kazi. Yeye hukata njia, anazama hadi magotini, anahema. Wa nyuma wanapita kwenye mfereji wake kwa raha zao. Kwa hiyo watu wa huko wana adabu moja, nayo hufundishwa mtoto mapema kama kusalimia. Aliyeongoza akichoka, hutoka kando na kusimama. Wenzake hupita, kila mmoja akimgusa begani na kumwambia, "Mungu akulipe." Aliyekuwa wa pili anachukua uongozi. Aliyechoka anaingia mwisho. Hakuna anayeulizwa kama anataka. Zamu ikifika, imefika.

Rahel aliongoza kwanza. Kisha Fides. Ukungu ulianza kushuka kati ya miti na mwanga ukawa wa kijivu. Fides alipohisi mapaja yanawaka, alitoka kando, akainama kukaza kifungo cha buti.

Severin akapita. Akamgusa begani. "Mungu akulipe, bibi kizee."

Rahel akapita. "Mungu akulipe, wifi."

Kisha akaguswa tena.

Baridi ya mkono ule ilipita koti, ikapita sweta, ikafika kwenye mfupa.

Fides aliinua kichwa. Alimwona mwanamume kwa mgongo, mrefu, akipita bila haraka. Alibeba mfuko wa turubai. Hakuwa na taa kichwani. Nyuma yake ilibaki harufu ya sufu iliyolowa... na mafuta ya taa.

Hakushtuka sana, na mimi nisingeshtuka. Siku ya theluji mpya wapo wanaovizia njia za wenzao, wakapanda nyuma yao bila jasho. Muungwana hujitokeza, akaja mbele kusaidia. Mgeni yule aliwapita Rahel na Severin pia, akashika uongozi. Kutoka mbele ilisikika sauti ya Severin akisema kwamba walau leo wamepata mtu mwenye malezi. Rahel akacheka.

Wakaendelea kupanda.

Shaaa... shaaa...

Fides, akiwa wa mwisho, alianza kukosa raha. Hakujua kwa nini. Alitazama kushoto akitafuta mti. Alitazama kulia. Miti ilikuwa imekwisha. Wakati gani? Chini ya skii zake mlima ulikuwa umeinama vingine, umeinama sana. Na kulikuwa na sauti moja iliyomsumbua. Severin alikuwa akihema. Kwa nguvu, kama anayekata njia mwenyewe.

Kwa nini aheme hivyo, na mbele yake yupo mtu?

Fides alimpita Rahel na kumnong'oneza asimame hapo hapo. Akasogea hadi nyuma ya mdogo wake, akaelekeza taa yake juu ya bega lake, mbele.

Severin alikuwa amezama hadi magotini.

Na kutoka ncha za skii za Severin hadi kwenye visigino vya mgeni, theluji ilikuwa laini. Laini kabisa. Haikuwa na mfereji. Haikuwa na mchirizi hata mmoja.

Mtu yule hakuwa akikata njia yoyote.

Ndipo aliposimama. Akatoka kando, hatua moja, kama inavyotakiwa. Akainamisha kichwa kwenye fimbo zake. Skii zake zilikuwa za mbao, kama za kale. Mdomoni mwake hamkutoka mvuke.

"Zamu yako," alisema.

Sauti haikuwa mbaya. Hilo ndilo Fides alilolirudia baadaye kila alipoulizwa. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka.

Severin akainua skii ya kulia ili apite. Fides akakanyaga mkia wa skii yake ya kushoto kwa uzito wake wote.

"Dada, mguu wako."

"Usimpite."

"Mtu amechoka, jamani. Unataka aseme sisi tumelelewa wapi?"

"Sevi. Angalia chini. Angalia alipopita."

Severin akaangalia. Fides aliona shingo yake ikikakamaa. Lakini ile skii ya kulia bado ilikuwa hewani, bado ikitaka kwenda, kana kwamba mguu ulikuwa na ahadi yake mwenyewe. Fides hakuondoa uzito.

Mgeni alisubiri.

Alisubiri.

Kisha mlima ukashusha pumzi.

Mmmhhh...

Ni sauti nzito ya chini, kama ya mzee akijitupa kitini. Wote wanaopanda huko wanaijua na wote wanaiogopa. Mbele tu ya ncha za skii za Severin ufa ulikimbia kushoto na kulia, mweusi, mwembamba kama uzi. Kisha theluji yote ya Wyssflue ikaondoka. Haikuondoka kwa kishindo, bali kama shuka linalovutwa kitandani. Kishindo kilikuja baadaye, kutoka mbali chini, pamoja na vumbi jeupe lililowajaza puani.

Vumbi lilipotulia, pale kando hapakuwa na mtu.

Waligeuka. Rahel aliyekuwa nyuma sasa akawa mbele, akafuata njia waliyopandia, akilia bila sauti. Fides alimsukuma Severin apite, akabaki yeye mwisho. Hawakuthubutu kusimama kubandua tepe, kwa hiyo walishuka nazo, polepole, wakikwaruza.

Shaaa... shaaa... shaaa...

Fides alisikiliza skii za Rahel. Alisikiliza za Severin. Alisikiliza zake. Alisikia na nyingine, nyuma.

Hakugeuka. Hakugeuka msituni, wala penye daraja. Walipofika kwenye taa ya nyumba ya kwanza, sauti ile ikakoma.

Kesho yake watu wa uokoaji walikwenda na mbwa. Walichoma theluji kwa vyuma virefu kutwa nzima. Hawakumpata mtu, na hakuna aliyekuwa amepotea, si Eggmatt wala mabonde ya jirani. Walisema ukungu una mchezo wake. Labda ni kweli.

Shangazi yao, Agata, hakusema mambo ya ukungu. Alikuwa akimenya viazi Fides alipomsimulia, na kisu chake hakikusimama. Alieleza kwamba zamani, kabla ya barabara, mwanamke mmoja alizidiwa na uchungu wa uzazi kwenye nyumba za juu, baada ya ukame kama huu na theluji kama hii. Wanaume wakatoka kumfuata. Aliyeongoza aliitwa Ignaz. Alikata njia muda mrefu kuliko zamu yake, hadi Wyssflue, kisha akatoka kando akasimama. Aliyemfuata akautazama mteremko. Akageuka. Wenzake nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Walimwacha amesimama pale, kichwa kwenye fimbo. Mwanamke yule hakufikiwa, na Ignaz hakuonekana tena.

Fides akauliza ni nani aliyekuwa wa pili.

Kisu kikasimama.

"Baba yangu," alisema shangazi Agata. "Babu yenu."

Kuanzia hapo Severin hakutulia. Mchana alifanya kazi, akala, akatania watu. Lakini jioni alitembea chumbani, akasogeza pazia, akarudi, akasogeza tena. Rahel alimwambia Fides kwamba usingizini miguu ya Severin huenda, wa kulia, wa kushoto, polepole. Alipobanwa aseme, alisema kitu kimoja tu: yule mtu aliomba vizuri. Aliomba kwa adabu, na sisi tukamwacha mara ya pili.

Jua likawaka tena, siku nyingi. Kisha, karibu na Pasaka, mawingu yakashuka.

Jioni theluji ilipokatika, mama yao alikuwa kanisani. Fides alikwenda kumtazama mdogo wake. Alimkuta jikoni, ameketi kwenye benchi, anafunga buti za skii. Macho yalikuwa wazi, lakini hayakuwa yakimtazama mtu.

"Unakwenda wapi, Sevi?"

"Ananisubiri."

Fides alitaka kucheka, amwambie avue buti asichafue sakafu ya mama. Ndipo aliposikia.

Shaaa... shaaa...

Ilikuja kwenye uchochoro. Ikapita kwa jirani. Ikapita kisimani.

Ikasimama kizingitini.

Harufu ya sufu iliyolowa ikaingia chini ya mlango. Na mafuta ya taa.

"Zamu yako," ilisema sauti ile iliyochoka.

Severin akasimama. Fides akawahi mlango, akaubana kwa mgongo wake, akamtazama mdogo wake usoni, uso ule aliouosha maziwa na makamasi tangu utotoni. Alitafuta sala, haikuja. Kilichokuja ni yale maneno waliyokuwa wakigombania walipokuwa watoto, nani aoge kwanza, nani apande kwanza.

"Mimi ndiye mkubwa," alisema, bila kugeuza kichwa. "Zamu ikianza kwetu, inaanzia kwa mkubwa. Huyu mwache."





Nje, skii zikageuka, taratibu, zikarudi zilikotoka. Severin akaketi, akalala pale pale kwenye benchi na buti zake. Alilala kama mtoto.

Harusi ilifanyika. Alicheza hadi viatu vikamchosha, na siku hizi amenenepa kidogo. Hakumbuki jioni ile, na hakuna aliyemkumbusha.

Fides anaishi nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu na msitu. Hajaitwa bado. Lakini kila theluji mpya inapoanguka baada ya ukame, huzima jiko na taa, husimama dirishani amevaa koti, akasikiliza. Wapitao njiani humpungia mkono. Yeye huwapungia pia, kisha anarudi kusikiliza.

Nami nakuomba ukumbuke jambo moja tu, ndugu yangu. Anayekukatia njia mbele yako, mpokee mapema. Mpokee kabla hajaomba.