Sebule Iliyouzwa Bila Hodi

Kwanza kilisikika kicheko. Kilitoka nje, chini ya dirisha, kikapanda juu ya mngurumo wa cherehani. Kikanyamaza. Kisha kikalipuka tena, safari hii na makofi juu yake.

"Leo kuna nini huko?" Mama Mapazia alijiuliza. Hakuinua kichwa. Alikuwa akishona pindo refu, na pindo refu halimtaki fundi mwenye macho ya pembeni.

Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa sababu ya kazi yake. Alishona mapazia, mashuka na foronya. Alishonea sebuleni kwake, karibu na dirisha penye mwanga. Nyumba ilikuwa yake mwenyewe. Aliijenga kwa sindano, chumba baada ya chumba, na aliitunza kama mboni ya jicho. Sakafu yake iling'aa hadi ungeweza kujitazama ukichana nywele. Ndiyo maana watu walimwachia vitambaa vyao vizuri bila wasiwasi.

Mlango ukagongwa. Aliingia Mwalimu Mkuu wa shule ya jirani, mwanamke aliyekuwa mteja wake wa siku nyingi. Leo hakuketi.

"Karibu, Mwalimu. Mapazia yako yamebaki pindo tu."

"Ahsante. Nimekuja kuchukua kitambaa changu."

"Lakini hayajaisha!"

"Nitayachukua hivyo hivyo."

Mama Mapazia akasimamisha cherehani. "Kuna nini, Mwalimu? Nimekukosea?"

Mwalimu Mkuu akatoa simu yake. "Kuna bango limebandikwa kwenye duka la kona, hapo nje. Nimelipiga picha. Tazama. Hii si sebule yako?"

Mama Mapazia akatazama. Lile kochi ni lake. Kile kioo cha duara ni chake. Na yale mapazia ya kijani yenye kingo za manjano aliyabuni yeye mwenyewe. Hayana ndugu duniani. Juu ya kochi alichorwa kunguni mkubwa kama paka, anacheka meno yote nje. Chini yake yaliandikwa maneno: "Kunguni wamehamia kwako? Nyunyiza leo!"

Kumbe ndilo lililokuwa likichekwa chini ya dirisha.

"Kunguni!" Mama Mapazia alisimama. "Nyumba hii haimjui kunguni hata kwa kusimuliwa!"

"Mimi nakuamini," alisema Mwalimu Mkuu kwa upole. "Lakini mtu akikwambia kuna nyoka majanini, utakanyaga ili uhakikishe?"

Akaondoka na kitambaa kwapani. Kabla ya jua kushuka, mteja mwingine alikuja kuchukua foronya zake. Meza ya kazi ikabaki tupu. Mama Mapazia aliitazama cherehani yake. Bila kitambaa, ni chuma tu kilichokaa kimya.

Aliyewahi kupiga picha sebule ile ni mtu mmoja. Ni mtoto wa kaka yake, kijana mpigapicha ambaye ukoo mzima ulimwita Kamera. Mama Mapazia akampigia simu. Kijana akaja mbio, uso umejaa furaha, maana naye alikuwa na lake.

"Shikamoo, shangazi! Kaa chini nikupe habari. Ile picha ya sebule yako imenunuliwa!"

"Marahaba. Imenunuliwa na nani?"

"Sijui. Mimi naweka picha zangu kwenye kampuni ya mtandaoni. Mwenye biashara yoyote anaingia, anachagua, analipa, anatumia. Labda ni wauza makochi!"

"Ni wauza dawa ya kunguni."

Kamera akacheka. Akauona uso wa shangazi yake. Kicheko kikamfia mdomoni.

"Nani aliwaruhusu?" shangazi aliuliza.

"Kampuni iliniuliza kama mwenye nyumba amekubali. Nikajibu ndiyo. Nikatia sahihi."

"Sahihi ya nani?"

"Yangu. Shangazi, mtu hupiga hodi kwao? Hapa si kwetu?"

"Kula ni kwenu. Kulala ni kwenu. Hata kufunua sufuria bila kuuliza ni kwenu, na kila siku unafunua! Lakini kuuza? Kuuza nako ni kwenu?"

Sauti ilivuka ukuta. Punde jirani akachungulia mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi gazetini. Kazi yake ilikuwa kuchagua picha, na watu walimwita Mhariri.

"Hodi! Niingie, au nisubiri kipindi cha pili?"

"Ingia, jirani, ututenganishe. Mkasi wangu unamtamani huyu."

Walimweleza. Mhariri alilitazama bango lile kwenye simu, akatikisa kichwa, akamgeukia Kamera.

"Ungeipiga picha hii ukaiweka kwenye albamu ya familia, kusingekuwa na neno. Lakini uliiweka sokoni ili itumike kwenye matangazo. Hapo inatakiwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mali. Inaitwa kibali cha mali. Ni karatasi fupi. Inataja nyumba, inasema picha zinaweza kuuzwa, na mwenye nyumba anatia sahihi. Si mpwa, si mjomba, si mgeni."

"Na kama ndani anakaa mpangaji?" aliuliza Kamera kwa sauti ndogo.

"Mpangaji unamwomba ruhusa ya kuingia, maana ndiye anayeishi humo. Lakini sahihi yake peke yake haitoshi. Mtafute mwenye nyumba. Na mtu akionekana ndani ya picha, yeye anahitaji kibali chake mwenyewe. Nyumba haimsemei mtu, na mtu haisemei nyumba isiyo yake."

Mama Mapazia aliketi. "Je, ningetia sahihi, ningeweza kukataa kunguni?"

"Swali zuri. Kampuni nyingi hazipokei kibali chenye masharti ya matumizi. Ukishasaini, picha yaweza kuuza rangi, au benki, au dawa ya kunguni. Kwa hiyo soma kwanza. Uliza. Ukiona moyo wako hautavumilia, usisaini. Kukataa si ubaya."

Kamera aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Iandikie kampuni leo. Sema kweli: sahihi ni yangu, nyumba si yangu, naomba picha iondolewe. Waombe pia wamjulishe aliyeinunua."

"Watafunga akaunti yangu! Nimehangaika kuijenga."

"Na mimi sikuhangaika kuijenga nyumba?" alisema shangazi.

Kamera akavuta kiti. Alichukua simu, akaandika palepale, wanawake wawili wakimsomea juu ya bega kama askari wa zamu.

"Usiandike 'kulitokea mkanganyiko'," alisema Mhariri. "Andika 'nilikosea'. Ni fupi zaidi."

Akafuta. Akaandika "nilikosea". Akatuma.

Jibu lilikuja wiki ile ile. Kampuni iliiondoa picha. Ilimwonya Kamera vikali, lakini akaunti haikufungwa, kwa kuwa alijisema mwenyewe. Wauza dawa nao hawakutaka ugomvi. Walikuja na ngazi, wakabandua bango, wakabandika jingine lenye kitanda cha kuchorwa. Mama Mapazia alitoka nje kushuhudia. Kilipochanika kipande cha mwisho, alipiga kigelegele hadi mwenye ngazi akashikilia ukuta.

Siku iliyofuata Kamera alikuja tena. Safari hii aligonga mlango uliokuwa wazi.

"Hodi, shangazi. Naomba kupiga picha nyumba yako kwa ajili ya kuuza. Kibali hiki hapa. Soma kwanza."

Mama Mapazia alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari, kama anayekagua mshono wa mwenzake. Mhariri aliketi kando, akijibu maswali.

"Sebule, hapana," alisema mwishoni. "Imeshaona dunia vya kutosha. Piga kibaraza na ngazi za mbele. Hizo hata zikiuza dawa ya panya, nitacheka. Andika hivyo: kibaraza na ngazi tu."

Kamera akaandika. Shangazi akasaini, akabaki na nakala yake. "Na ile namba ya nyumba ukutani, isionekane," akaongeza.

"Umefuzu!" Mhariri alicheka. "Sasa nikuulize. Zile picha za mapazia unazotutumia kwenye simu, unatafuta wateja, ni madirisha ya nani?"

Mama Mapazia alivua miwani.

"Ya wateja wangu," alisema polepole. "Nikimaliza kutundika, napiga. Sijawahi kumwuliza mtu."

"Shangazi!" Kamera aliruka kwa furaha. "Kumbe tuko wawili!"

"Nyamaza, kabla sijaibatilisha sahihi."

Lakini aliondoka saa ile ile, akaenda hadi kwa Mwalimu Mkuu.

"Nimekuja na mambo mawili," alisema mlangoni. "Bango limeondolewa, na halikuwa na haki ya kuwa pale. La pili ni langu. Mwaka jana nilipiga picha dirisha lako, nikaituma kwa watu, bila kukuuliza. Naomba radhi."

Mwalimu Mkuu alifikiri kidogo. Mara akashika mbavu. "Ile yenye mume wangu kalala kwenye kiti, kinywa wazi, kavaa fulana?"

"Ndiyo hiyo."

"Kazini kwake walimwuliza kama pazia lile ni la kumfunikia yeye!"

"Mimi sijatoa ruhusa!" sauti nzito ilitoka ndani. "Mwambieni huyo fundi! Hata kidole changu hakijatoa ruhusa!"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mikono. Kisha Mwalimu Mkuu aliingia ndani, akarudi na kitambaa chake na pindo lake ambalo halijaisha, akamwekea Mama Mapazia mikononi.

"Dirisha nakuruhusu, na nitakuandikia. Huyu wa ndani jadiliana naye mwenyewe."

Mama Mapazia alikumbatia kitambaa. Akapaza sauti ili ifike hadi kwenye kiti.

"Shemeji! Picha yako naifuta sasa hivi, mkeo akiona. Na nakuahidi mbele yake: tangu leo sitapiga picha nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajaniambia ndiyo, na sitaitangaza kabla hajaiandika hiyo ndiyo kwa mkono wake!"